Gesi Niliyoiacha Muleba

Koku mwanangu,

Sina haja ya kuanza kwa kukuuliza hali. Nakusikia hapo uani unacheka na mama yako, mnabishana kama sufuria kubwa iende Muleba au ibaki. Ibaki. Hilo ndilo agizo pekee la nyumbani utakalolisoma humu. Mengine yote, ya chandarua, ya kupiga simu, ya kwenda misa, mama yako amekwisha kuyasema mara tatu tangu asubuhi, na kesho kituoni atayasema tena.

Niko karakanani na mlango nimeurudishia. Ni saa kumi alasiri. Ukichungulia dirishani utadhani naorodhesha vifaa, maana ndivyo nilivyomwambia mama yako. Nakuandikia wewe uliye hatua ishirini tu kutoka hapa, na hilo lenyewe likuonyeshe jinsi jambo hili lilivyonishinda kulitamka.

Jana mchana tukiwa mezani ulinipa simu nikuangalizie picha ya kiyoyozi. Ulikuwa na furaha mpaka ukasahau kunawa. "Tata, ndiyo kazi yangu ya kwanza hiyo," ulisema. "Wanataka mashine ya zamani itoke, iingie mpya kabla ya misa ya kumbukumbu ya mzee wao. Niwashauri ya gesi ya R32 au ya R290? Na hii kuukuu ni R22 tu, si ndiyo? Nachoma maungio ya mabomba naishusha."

Nikasema tutaongea. Nikaacha ndizi sahanini nikatoka. Mama yako akaniuliza kama naumwa, nikamwambia tumbo. Halikuwa tumbo, Koku. Ilikuwa ile picha.

Uliona vile vyuma viwili vya kijani vilivyobeba mashine ya nje ukutani? Ni miguu ya kitanda cha marehemu bibi yako. Nilivikata mwenyewe kwa msumeno, hapa hapa ninapoandikia, nikavipaka rangi iliyobaki ya mlango wetu. Hakuna nyumba nyingine duniani yenye vyuma kama vile. Nilivijua kabla hata hujanitajia Muleba.

Mashine ile haina R22. Kibandiko chake kinasema hivyo, lakini kinadanganya, na mdanganyifu ni mimi. Ndani yake, kama haijavuja ikaisha, kuna gesi ya kupikia. Ile ile ya mtungi wa jikoni kwa mama yako. Ukiyachoma mabomba yale kwa moto kama ulivyopanga, sitaki kuimalizia sentensi hii. Soma yote kabla hujafunga mkoba wa vifaa.

Wewe ulikuwa darasa la nne. Nilikuwa fundi wa viyoyozi pekee mjini Bukoba ambaye watu walimtaja bila kuulizwa mara mbili, na nilipenda hivyo kupita kiasi. Wenzetu wa mikoa mingine wanatutania Wahaya kwa majivuno, na mwaka ule mimi nilifanya kila niwezalo kuwathibitishia. Mteja akiniuliza kama jambo linawezekana, neno "hapana" lilikuwa halinipiti kooni. Ningekuwa na koo pana kidogo, leo nisingekuwa na barua ya kuandika.

Desemba ile nilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Bi Zuhura, huko chini karibu na ziwa. Unamkumbuka, ndiye aliyekufundisha kushona. Babu yake alitoka pwani akaoa hapa, naye mpaka uzeeni alisema Kiswahili kama amefika jana kutoka Tanga. Alikuwa akifunga madirisha kwa sababu ya vile vijidudu vya ziwani vinavyokuja kwa mawingu na kujaa hadi ndani ya chai, na chumba kikifungwa kinachemka. Kiyoyozi chake cha zamani kilikufa, nikamtafutia kingine kilichotumika.

Kazi ya pili ilikuwa Muleba, kwa Mzee Deo, ndiye huyo anayesomewa misa. Aliishi Dar es Salaam na kurudi kibanjani, kwenye migomba ya baba zake, kila Krismasi, kama wetu wote walioko mbali. Nyumba kubwa, bati jekundu, ziwa linaonekana barazani, na mwaka mzima imefungwa. Alinipigia simu akasema kwa upole wa Kihaya, "Fundi waitu, nafika siku tatu kabla ya Krismasi na wajukuu. Nikute baridi." Nikamjibu atakuta.

Mashine zote mbili zilikuwa za kutumia R22, na zote zilikuwa tupu. Gesi yangu ilikuwa ije kutoka Mwanza, haikuja. Mjini hapakuwa na mtungi hata mmoja. Ningeweza kuwaambia wale watu wawili wasubiri, mmoja angejipepea na mwingine angelalamika. Hakuna ambaye angekufa kwa joto la Bukoba.

Lakini nilikuwa nimesikia mafundi wakisema gesi ya jikoni inapoza. Nikaijaribu kwenye friji yetu ya zamani. Koku, ubaya wake ni kwamba inapoza kweli. Inapoza upesi, kompresa inazunguka laini, umeme unaliwa kidogo, na fundi unajiona una akili kuliko waliotengeneza mashine. Nikaijaza kwa Bi Zuhura Jumatatu. Jumanne nikapanda gari kwenda Muleba nikaijaza kwa Mzee Deo. Vibandiko nikaviacha vilivyo. Nani angesoma?

Jumatano Bi Zuhura alipita dukani akitoka sokoni. Alisimama pale mlangoni na kikapu chake.

"Fundi mwanangu," alisema, "mashine yapoza, Mungu akupe. Lakini mbona chumba changu chanuka jikoni?"

Nikamwambia, "Ni upya wa mabomba, Bibi. Harufu itaisha yenyewe."

"Basi nitafukiza udi kesho, kutakuwa kuzuri."

"Fukiza, Bibi," nikasema. "Fukiza."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani miaka yote hii. Nilijua harufu ile ni ya nini. Nilijua kwamba ungio moja la ndani sikulikaza nilivyotaka, kwa kuwa giza lilikuwa likiingia na nilikuwa na haraka ya kuja nyumbani. Nilijipangia nipite Ijumaa. Na jambo jingine ambalo kila mtu mjini alilijua, nami nililijua, ni kwamba nyumba ile kila Alhamisi jioni inafukizwa. Mimi ni Mkatoliki wa Izigo, kwetu moto una mahali pake jikoni. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna chumba cha kulala ambacho moto unaingizwa makusudi kila wiki, mlango ukafungwa, ili nguo na mashuka yashike harufu. Nilipima ukuta, nilipima mabomba, nilipima umeme. Sikuuliza wanawasha nini humo ndani, na saa ngapi.

Gesi ile ni nzito kuliko hewa. Haipandi ikatoka juu ya dirisha. Inashuka, inalala sakafuni, inasubiri.

Alhamisi magharibi nilikuwa nafunga duka nikasikia mshindo. Haukuwa mkubwa. Kama mtu ameangusha gunia la kahawa kutoka garini. Kisha vioo. Nilianza kukimbia kabla sijaambiwa ni wapi, na mtu aliyenitazama vizuri siku ile angejua kila kitu kwa kule kukimbia kwangu tu.

Alikuwa ameinama sakafuni kuwasha kiberiti juu ya mkaa wa chetezo. Nilimtoa mimi. Nikazima pazia kwa mikono na blanketi. Watu wakanisifu, Koku. Wakasema fundi ana moyo. Mkono wake wa kulia uliungua mpaka vidole vikashikana, na jicho la upande ule halikuona tena.

Unakumbuka ulivyomuuliza siku moja, kwa utoto wako, kwa nini anashona kwa kushoto? Akacheka akakwambia mkono wa kulia ni mvivu. Mimi nilikuwa nimekaa hapo nje barazani namsubiri mama yako. Nikainuka nikaenda kumsubiri nyuma ya nyumba, nisisikie zaidi.

Hakujua. Hili ndilo lililonila kuliko hata mkono wake. Aliamini ni yeye. Aliamini cheche iliruka kwenye chandarua, kwamba uzee umemfanya mzembe. Akaacha kufukiza. Mwanamke ambaye bibi yake na mama yake walifukiza, ambaye ungemtambua kwa harufu kabla hajakunja kona, aliishi miaka iliyobaki katika nyumba isiyonukia kitu. Na kila Idi aliniletea sahani ya chakula mpaka mlangoni, kwa mkono ule wa kushoto, akisema, "Huyu ndiye aliyenitoa motoni." Nami nikaipokea. Nikala. Mashine yenyewe nilikuwa nimeishusha usiku wa kuamkia Ijumaa nikisema nasaidia kusafisha chumba, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Mwaka jana alipofariki nilibeba jeneza pamoja na wengine. Baada ya siku chache binti yake akaja na kitu kimefungwa kwenye khanga. Alisema mama aliagiza nipewe. Ni chetezo chake, kile cha udongo chenye ukingo uliomeguka. Nilikiweka rafuni sikujua nikifanyie nini. Ukaja wewe na ukaguzi wako ukaona bakuli tupu, ukakijazia nati na boliti. Kila ulipoingiza mkono humo nilitaka kukwambia uache, kisha nikawaza utaniuliza kwa nini.

Sasa Muleba. Usidhani nilikaa tu. Wiki ile ile nilipanda gari nikaenda kwa Mzee Deo na R22 niliyoazima kwa fundi mmoja wa meli. Nikakuta hawajafika, na mlinzi aliyenifungulia Jumanne hana funguo tena. Nikarudi Krismasi yenyewe. Nyumba imejaa hadi uani, majani mapya yametandazwa sakafuni sebuleni, watoto wanabiringika juu yake, na nje wanachoma nyama. Mzee akanishika bega mbele ya watu wake wote.

"Mtazameni huyu!" akasema. "Mashine yake inagandisha mpaka wajukuu wanalala na makoti!"

Nilikuwa na mkoba mkononi. Kilichotakiwa ni maneno matano: mzee, nimekosea, waondoe watoto hapa. Badala yake nikakaa, nikapewa kikombe, nikanywa. Nikajiambia ungio la kule nililikaza vizuri. Nikajiambia nitarudi watu wakiondoka. Walipoondoka walifunga na funguo zikaenda Dar es Salaam. Mwaka uliofuata nilikuwa na sababu, na uliofuata nyingine. Kisha mzee akaanza kuugua, hawakuja tena, na mimi nikaanza kujifariji kwamba gesi imekwisha vuja kidogo kidogo, hakuna kitu tena mle. Labda ni kweli. Lakini mashine inayofanya kazi wiki mbili kwa mwaka haichakai, na niliikaza vizuri. Nimekuwa nikiomba niwe fundi mbaya kwa mara moja tu, kwenye ungio lile.

Kila nilipopita Muleba niliangalia juu mlimani kama bati jekundu bado lipo. Na sasa, katika mafundi wote wa mkoa huu, wamekuita wewe.

Uliniuliza jana, nami sikukujibu, kwa hiyo nikujibu sasa kama fundi kwa fundi. R22 achana nayo, inaondolewa sokoni na inaharibu ozoni huko juu, usimfufulie mtu mashine yake hata akulilie. R410 haishiki moto kwa urahisi, lakini ina mgandamizo mkali na inachangia joto la dunia, nayo siku zake zinahesabika. R32 ni nafuu zaidi kwa hilo, ila inaweza kuwaka, ingawa kwa uvivu. R290 ndiyo safi kuliko zote, na hii utashangaa, kwa asili ni ndugu wa gesi niliyoweka mimi. Inawaka upesi.

Najua utaniambia, tata, kumbe ulikuwa sahihi kabla ya wakati. Usinipe heshima hiyo. Mashine ya R290 imetengenezwa kwa ajili yake tangu kiwandani. Gesi yake imesafishwa na ni kidogo, swichi zake hazitoi cheche mahali pa hatari, imebandikwa alama ya moto ili fundi wa miaka ijayo ajue, na kitabu chake kinasema chumba kisipungue ukubwa gani. Mimi nilichukua mashine ya watu nikaijaza kitu isichokijua, kwa kukadiria, na nikanyamaza. Nikikumbuka vizuri, kunyamaza ndiko kulikomuunguza Bi Zuhura, maana siku nzima ilikuwepo ya kusema.

Kwa nyumba ile mimi ningeweka ya R32, yenye ukubwa unaolingana na chumba, maana mafundi watakaoihudumia baada yako wanaifahamu zaidi. Lakini usinifuate hadi ufike na umuulize mama wa nyumba aliyekuja kuandaa misa. Usimuulize mwenye simu aliye Dar es Salaam, yeye atakuambia rangi anayotaka. Muulize anayelala humo. Wanawasha nini chumbani? Mishumaa ya rozari? Mkaa wa kumkanda mzazi? Wageni wa misa watalala sakafuni juu ya majani? Dirisha linafunguka au limepigwa misumari? Utaonekana mmbea. Kubali kuonekana mmbea.

Kuhusu ile ya zamani, mtu yeyote asiiwashe, hata kwa kujaribu. Leo ukimaliza kusoma piga simu uwaambie hivyo, na wasiwashe chochote chumba kile, wafungue madirisha yote. Umeme ukatwe kwenye swichi kuu. Gesi itolewe nje mahali pa wazi, taratibu, mbali na jiko na mtaro. Mabomba yasafishwe kwa naitrojeni, kisha yakatwe kwa kikatio cha mkono. Hakuna moto. Usiamini pua yako, Koku. Bi Zuhura alikuwa na pua nzuri kuliko sisi wote, nami nikaishauri isijiamini.

Najua unavyofikiri. Unafikiri, baba amekuwa akinipeleka kwenye maungio tangu nikiwa na miaka kumi na mitano, akinifokea nikisahau kuandika aina ya gesi kwenye kibandiko, akinirudisha kilomita nyingi kwenda kuandika tarehe, na siku zote nilidhani ni ukali tu. Ulilia mara moja kwa ajili hiyo. Niliona, nikajifanya sikuona. Nilikuwa nakufokea wewe kwa kosa langu, na naomba unisamehe hata kama mengine yote huwezi.

Nimekuwa na hofu nyingi juu yako, kama baba yeyote. Nilihofia boti za kisiwani Goziba ulipotaka kazi ya barafu kule. Nilihofia pikipiki. Nilihofia wanaume, na mama yako alinicheka. Haikunijia kamwe kwamba kitu kitakachokungojea kwenye kazi yako ya kwanza kitakuwa kimetengenezwa na mikono hii, kikae kimya juu ya ukuta miaka yote, mpaka umalize chuo.

Nati zako nimezimwaga kwenye kopo la rangi. Barua hii naiweka ndani ya chetezo, hapo rafuni, maana jioni hii lazima utakuja kuchukua boliti za kufungia mashine mpya. Na ukifungua mkoba utaona tochi ya kuchomelea haimo. Usiitafute, iko kwangu.

Kesho sikusindikizi kituoni. Nakwenda nawe hadi Muleba. Nitasimama mbele ya watoto wa Mzee Deo niyaseme yale maneno matano niliyoyameza nyumbani kwao, kisha mashine ile nitaishusha mimi, wewe ukiwa mbali, chini ya migomba. Baada ya hapo nakwenda kwa binti wa Bi Zuhura, peke yangu.

Lakini yote hayo yana mahali pa kuanzia, na hapo bado sijathubutu. Mama yako naye hajui. Alimuuguza Bi Zuhura kwa mikono yake, alimlisha kwa kijiko, na hajui.

Basi njoo jikoni. Nitakuwa nimekaa kwenye kiti changu, na yeye atakuwa anapakua. Usinionee huruma na usisubiri tumalize kula. Niulize tena swali lako la jana, kwa sauti, mbele yake. Niulize mashine ile ina gesi gani.

Baba yako